Gari Lililooshwa Mapema

Mimi ni mkulima wa kahawa katika Imenti, na pamoja na shamba ninayo pikapu moja ambayo huikodisha kwa watu wanaochukua viazi kutoka Kibirichia au ndizi kwenda soko la Gakoromone. Nataka kuwaeleza wasomaji jambo lililonipata mwaka 2017. Sielezi kwa kujisifu, maana sina la kujisifu ndani yake.

Jumamosi moja jioni kijana wa jirani, dereva ninayemfahamu tangu utoto wake, alikuja kukodi gari kwa safari ya usiku. Alilirudisha kabla ya mapambazuko, akamwachia mke wangu ufunguo na malipo kamili. Lilikuwa limejaa matope. Kwa kuwa tulitaka kwenda kanisani, nilimtuma taniboi alipeleke mto Kathita akalioshe, hasa bodi ya nyuma. Naye alifanya kazi yake vizuri mno, kwa sabuni na burashi.

Tulipokuwa tukitoka kanisani tulipata habari kwamba kiwanda cha kahawa cha chama chetu kilikuwa kimevunjwa usiku ule na magunia kuchukuliwa. Mlinzi, mzee mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja, alipigwa kichwani, akatupwa ndani ya gari pamoja na magunia, kisha akaachwa kando ya barabara iteremkayo Tharaka. Wachungaji wa mbuzi ndio waliomkuta. Aliponea, lakini jicho lake moja halikuona tena.

Jumatatu wapelelezi walifika kwangu. Swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyeosha gari, na la pili kwa nini. Nilijibu kweli, lakini niliona nyusoni mwao kwamba mwenye gari aliyeliosha asubuhi ile ile hafanani na mtu asiyejua kitu. Nilihojiwa siku nzima.

Kesho yake gari lilikaguliwa katika uwanja wa kituo, nami nikaketi kwenye benchi kwa mbali. Hapo kwanza nilidhani upelelezi ni kazi ya kugombeza watu mpaka wakiri. Kumbe sivyo. Hakuna aliyegusa mlango mpaka mpiga picha alipokwisha kulizunguka gari lote, akapiga picha za namba, magurudumu na kipimo cha maili. Halafu walivaa glavu. Mmoja aliketi chini na kupima kwa utepe jinsi kiti cha dereva kilivyosukumwa nyuma. Mimi ni mfupi, na yule kijana aliyekodi ni mfupi kunipita. Kiti kile kilikuwa kimewekwa kwa mtu mwenye miguu mirefu. Jambo hilo tu lilionyesha kwamba usiku ule usukani ulishikwa na mtu wa tatu.

Kisha wakapaka unga mwembamba kwa burashi laini juu ya kioo kidogo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma. Dereva mgeni akiingia garini hukigeuza kioo hicho kwanza, na waoshaji wengi hukisahau. Taniboi wangu alikisahau. Alama ya kidole gumba ilitokea, wakaipiga picha na kuibandua kwa utepe wa gundi. Tulichukuliwa alama zetu, mimi, mke wangu na taniboi, ili zitengwe na za wageni.

Chini ya madigadi walikwangua udongo. Udongo wetu wa Imenti ni mwekundu na hunata. Huu ulikuwa na tabaka la mchanga mweupe juu yake, kama ule wa nchi ya chini. Katika bawaba za mlango wa nyuma zilipatikana punje nne za kahawa yenye ganda. Zulia lililolowa lilikaushwa kivulini, likatiwa katika mfuko wa karatasi, maana kitu chenye unyevu kikifungwa katika plastiki huoza, na damu ikiwamo huharibika. Kila mfuko ulifungwa, ukaandikwa saa na mahali, ukatiwa sahihi na kila aliyeupokea.

Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja huachia kingine kitu. Lakini kuachwa si kudumu. Mwaka 1988, Julie Ward, Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara, gari lake lilikutwa limekwama korongoni, na juu ya paa herufi za kuomba msaada zimeandikwa kwa matope. Nimezifikiria sana herufi zile. Mvua moja ingalizifuta.

Alama ya kioo ilimpata mwenyewe. Mahakamani alishindwa kueleza kidole chake kilifika vipi garini mwangu, akafungwa kwa wizi pamoja na yule kijana. Lakini shtaka la kumpiga mzee na kumchukua garini lilianguka. Mzee hakukumbuka sura ya mtu, na ripoti ya Mkemia wa Serikali, ambayo Sheria ya Ushahidi, Sura 80, huikubali mahakamani, ilisema kwamba katika bodi haikupatikana damu. Wakili wao aliisoma sentensi ile mara mbili, polepole.

Gari nilirudishiwa baada ya miezi saba, betri imekufa na unga mweusi ungali umeshika kioo. Nilikwenda kwa mlinzi nikiwa na sukari na majani ya chai. Yeye mwenyewe alinipokea vizuri, tukazungumza habari za bei ya kahawa. Mkewe ndiye aliyeniuliza, alipokuwa akinisindikiza langoni:

“Baba Kendi, siku ile ulikuwa na haraka gani?”

Nikamwambia kwamba tulitaka kwenda kanisani.