Omeleti ya Tuna Ni Chakula, Si Kisindikizo cha Chai

Wasee, leo sina drama. Leo ni mayai na tuna. Najua kuna mtu tayari anasema hiyo si supper, ni kitu cha kusukumia chai. Tulia kwanza.

Tangu nitoke kampasi mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, watu wa kwetu hawaniulizi kama video zinalipa. Hawaniulizi nitarudi lini, hilo wanaliogopa. Wanauliza kama nakula. Mathe ndiye mkali. Salamu hazijaisha ashauliza, "Umekula nini?" Jibu langu ndilo ripoti fomu yangu siku hizi. Nikisema strungi na mkate ananyamaza kidogo, halafu kesho yake mia mbili inaingia kwa M-Pesa. Na mimi najua ni kuku gani ameuzwa ndio hiyo mia mbili ipatikane. Njaa naweza kuivumilia. Hiyo pesa ndiyo inaniuma.

Kwa hivyo napika. Na ukipika kitu, kiwe na jina ambalo mzazi akilisikia kwa simu atalala.

Hesabu iko hivi. Mkebe mdogo wa tuna hapa mtaani ni mia mbili hivi, yai ni mbao, halafu kitunguu, nyanya, hoho na dhania kwa mama mboga ni kama thate. Mtasema hiyo ni pesa mingi kwa mtu mmoja. Ni kweli, na shida nyingine ni kwamba keja yangu haina friji. Mkebe ukishafunguliwa, hiyo tuna si ya kesho. Hapo ndipo jirani wa mlango wa pili anaingia. Yeye bado ni komredi, yuko mwaka wa tatu. Mimi naleta mkebe, yeye analeta mayai sita, mboga tunachanga. Kwa wastani kila mtu anatoa chini ya mia mbili na anakula mayai matatu na nusu mkebe, karibu gramu 30 za protini. Chipo ya mia haikupi hiyo, na saa nne usiku utakuwa unatafuta smokie.

Sasa kupika. Kosa la wengi ni kumwaga tuna moja kwa moja kwenye mayai mabichi. Inatoka majimaji na inanuka mkebe. Kama ni tuna ya maji ya chumvi, ikamue kabisa kwa kijiko. Kama ni ya mafuta, hayo mafuta usiyamwage, kaangia kitunguu. Kitunguu kikilainika weka hoho, nyanya bila mbegu, kisha tuna, uikaange dakika moja mbili hadi ikauke. Kamulia ndimu, weka pilipili ukiweza. Epua, acha ipoe kidogo, changanya na mayai uliyoyapiga na dhania. Chumvi onja kwanza, tuna huja na yake.

Halafu punguza moto! Hii meko ya kilo 6 ukiifungua yote, chini inaungua na juu bado ni uji. Moto mdogo, funika na sahani, dakika nne tano. Ukitaka kugeuza, pindua frai pani juu ya hiyo sahani, kisha irudishe ikiteleza. Wakenya tunapenda yai likauke kama soli ya kiatu, sijui nani alitufunza.

Kuna beshte yangu wa Kilifi ambaye hii yote anaiona ni matusi. Kwao huyu samaki anaitwa jodari na anaenda kwa makaa, si kwa mkebe. Siwezi kumpinga. Geuza mkebe usome nyuma, mara nyingi ni Thailand, na sisi tuna Bahari Hindi nzima hapo. Lakini jodari mbichi hafiki kwa mama mboga wangu, mkebe unafika.

Mathe naye bado hajakubali. "Hiyo ni kitoweo, mwanangu. Ugali iko wapi?" Hapo yuko sahihi. Ugali ya jana ukiikata vipande na kuikaanga kwa yale mafuta ya tuna, wacha tu.

Na jirani. Juzi tukila alianza kulalamika kuhusu kati ya Alhamisi, lekchara amewapa mada ambayo hawajasoma, halafu akakata sentensi katikati akaangalia sahani. Nilijua ni kwa sababu yangu. Nikamwambia aendelee. Hiyo kozi nilikuwa naipenda, na nusu ya hiyo mada nilikuwa nimeisoma mwenyewe. Akaleta noti, tukakaa nazo hadi saa sita, frai pani ikiwa bado chafu.

Wiki hii ni zamu yake kununua mkebe.