Kwa Nini Gitaa la Kwaya Limepunguzwa

Wengi wametuuliza swali moja, pale kwenye bomba la maji na hata mlangoni mwa shule: mbona gitaa la kwaya halipigi kwa kishindo kama zamani? Wengine wanasema ampli imekufa. Haijakufa. Sisi walimu wa kujitolea, pamoja na vijana wa kwaya, tuliipunguza kwa makusudi. Tunapenda kueleza kazi ilivyokuwa, maana ndani yake mna somo la fizikia ambalo darasani hatuna vifaa vya kulionyesha.

Ampli yenyewe ilikuwa redio ya Philips, ile ya mbao yenye lampu za kioo. Wazee wanazijua: unawasha, unangoja zipate moto, ndipo inaanza kuongea. Tuliipata kwa fundi mmoja mzee wa Mushasha, kule Gitega. Kutoka huku kwetu Muyinga ni safari ya kupitia Karuzi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo tulienda mara mbili tu, orodha mkononi. Lampu yake kubwa ni EL84, aina ambayo Philips waliitoa mwaka 1953. Ikiwa peke yake hutoa wati 5 hivi. Msicheke, wati 5 za lampu kwenye spika nzuri zinajaza kanisa letu lote.

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Gitaa lilipita kwenye ampli hiyo, na msemaji alitumia spika ndogo ya betri. Gitaa lilimfunika.

Tusingehangaika sana kama ingekuwa nyimbo tu. Lakini kila tarehe 13 Agosti tunawakumbuka ndugu zetu wa Gatumba. Usiku wa tarehe hiyo mwaka 2004, katika kambi ya Gatumba karibu na Bujumbura, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150 waliotoka Kongo. Siku ya kumbukumbu majina husomwa moja moja, kwaya ikiimba chini kwa chini na gitaa likifuatana nayo. Mwaka jana, watu walipokuwa wakitawanyika, mama mmoja alibaki kwenye benchi. Akasema: “Jina la mtoto wangu limesomwa? Mimi sikulisikia.” Lilikuwa limesomwa. Tulimwonyesha kwenye karatasi, lakini yeye hajui kusoma.

Ushauri wa kwanza tuliopewa na kila mtu ulikuwa: ongezeni sauti ya msomaji. Tukaongeza, spika ikaanza kupiga mluzi, kwa sababu mikro inasikia sauti ya spika, inairudisha, spika inaitoa tena, na mzunguko hauishi. Basi ilibaki njia ya pili, gitaa lipishe.

Sasa somo. Sauti ni mitetemo. Uzi mnene wa gitaa unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, uzi mwembamba mara 330 hivi. Sauti ya mtu inachanganya mengi, lakini kinachotofautisha neno na neno ni herufi kama s, k na t, na hizo ziko juu sana, mitetemo 2,000 na kupita. Ni nyepesi, hazina nguvu. Sikio nalo lina tabia yake: sauti nzito inafunika nyembamba kwa urahisi, kuliko nyembamba kufunika nzito. Na majina yetu mengi yanaanza na Nya- au Na-. Ukipoteza silabi za mwisho, umempoteza mtu mwenyewe.

Kifaa cha kuchuja mitetemo ni kondensa. Kondensa inapitisha mitetemo ya haraka na kuzuia ya polepole. Ukiiunga na rezista, mnapata mpaka, na mpaka huo unapigwa hesabu: gawanya 1 kwa 6.28, kwa rezista, kwa kondensa. Rezista ya kiloomu 100 na kondensa ya nanofaradi 10 zinatoa mpaka wa 159 hivi. Ukiweka kondensa ya nanofaradi 1, mpaka unapanda hadi 1,590. Vijana wa darasa la hesabu, hii ndiyo kazi ya zile sehemu mnazozilalamikia.

Kuna mipango miwili iliyotufaa kuifikiria. Wa kwanza ni wa Mwingereza Peter Baxandall, aliouandika katika gazeti la Wireless World, Oktoba 1952. Vifungo vyake viwili, cha sauti nzito na cha sauti nyembamba, vikiwa katikati sauti inatoka kama ilivyoingia. Ni mpango safi, umeingia kwenye redio za dunia nzima. Wa pili ni ule wa ampli za gitaa za Fender, za Marekani. Huo hata ukiacha vifungo katikati, unachimba shimo katikati ya sauti, kwenye mitetemo mia tatu hadi mia sita hivi. Mtu wa redio angesema ni kasoro. Kwetu sisi shimo hilo ndilo lilikuwa nafasi ya kumweka msomaji. Tukachagua wa pili.

Jambo ambalo vijana walikataa kuliamini ni hili: katika mpango huo kifungo hakiongezi chochote. Ukikizungusha upande wa “zaidi”, unapunguza kidogo tu kile kilichokuwa kinakatwa. Mpango mzima unakula kama sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya gitaa. Ndiyo maana fundi alitupa lampu ndogo ya ECC83, ambayo ndani ya kioo kimoja iko na lampu mbili. Ya kwanza inakuza kama mara 50, vifungo vinakula, ya pili inakuza tena kabla ya kufika EL84.

Mpiga gitaa wetu hakufurahi. Alituambia habari za Konono N°1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mawangu Mingiedi, waliotengeneza mikro kwa sumaku za magari mabovu na kupigia likembe kwenye spika zinazokwaruza, mpaka albamu yao Congotronics ikasikika Ulaya mwaka 2004. Ni kweli, na ule mkwaruzo wao ni mtamu. Tulimjibu kwamba siku ya harusi afungue vifungo vyote, sisi wenyewe tutacheza.

Jaribio tulilifanya Jumamosi jioni. Yule mama alikaa benchi la mwisho. Kijana alisoma orodha ya wanafunzi kwenye spika ya betri, gitaa likipigwa, na mama alinyanyua mkono kila jina lisipomfikia. Sauti nzito ikiwa wazi, mkono haukupumzika. Tulipofunga kifungo cha sauti nzito mpaka robo, akanyanyua mara mbili. Tukapunguza tena kidogo. Hakunyanyua.

Wazazi, tunawaomba sana: watoto wasifungue ampli hiyo. Ndani yake kuna volti 250, na kondensa zake kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Pia kondensa za karibu na lampu lazima ziwe za volti 400; zile za redio ndogo za betri hupasuka.

Kwa wenye ampli za transista, hesabu ni ileile. Chukua potensiometa ya kiloomu 10 na kondensa ya nanofaradi 100, mpaka utakuwa tena 159.

Gitaa la besi bado halina ampli yake, na uzi wake wa chini unatetemeka mara 41 tu. Mwenye redio mbovu nyumbani asiitupe, ailete shuleni Jumamosi saa nane mchana, hata kama imebaki sanduku na spika.