Boya

Huku Kangemi ukimwita mtu boya unatafuta vita. Kwa hivyo nilipomwambia mamangu nimekesha nikisoma habari za boya moja lililo mashariki ya Mombasa, alicheka hadi akaweka chini sufuria ya chai.

Boya lenyewe ni roboti, bomba refu kama mtoto wa shule, la mpango wa kimataifa uitwao Argo. Halina nahodha wala kamba. Linazama mita 1,000, linabebwa na mkondo huko kwa siku kama tisa, kisha linashuka hadi mita 2,000 na kupanda taratibu likipima joto na chumvi. Likifika juu linatuma vipimo kwa setilaiti, halafu linarudi chini. Siri yake ni mafuta kidogo yanayosukumwa kwenye mfuko wa nje: mfuko ukivimba linapanda, ukinywea linazama. Yako karibu 4,000 duniani. Betri ikiisha, basi, mengi hayafuatwi.

Lakini kilichonishika ni kingine. Siku niliyoacha chuo, paswadi yangu ya maktaba ilikufa. Tangu hapo karibu kila makala ninayotaka inaniambia lipa kwanza, tena kwa dola. Argo hawakuniuliza kitambulisho. Vipimo huwekwa wazi mtandaoni, kwa kawaida ndani ya saa 24, na profesa wa Ulaya na mimi na bando langu la shilingi 20 tunaona kitu kimoja: nyuzi kama 28 juu, karibu 7 kule mita 1,000.

Upande wetu wa bahari nusura uachwe. Enzi za maharamia wa Somalia meli ziliuogopa, na 2011 ilibidi majeshi ya majini ya Marekani na Australia yasaidie kuweka maboya magharibi mwa Bahari Hindi. Na ni maji hayo hasa yanayotuhusu. Yakipata joto kupita kawaida, na ya upande wa Indonesia yakipoa, mvua ya vuli huku huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 2023, na El Niño ikaongezea. Oktoba tulisikia mvua kubwa inakuja, kisha tukasikia si kubwa sana. Novemba maji yaliingia kibanda cha mamangu sokoni. Marobota mawili ya nguo za watoto, pesa za chama, yakalowa yakaanza kunuka. Alizianika kwa kamba za ploti wiki nzima na jua halikutoka.

Nilipofungua namba za miezi ile nilikasirika, sijui na nani. Joto lilikuwa limepimwa. Lilikuwa hapo, bure, sisi tukibeba nguo kwa mabeseni.

Nilimweleza yote. Nikamwambia pia ukweli, kwamba boya moja haliwezi kujua mvua ya Alhamisi. Watabiri huchanganya maelfu ya vipimo ndio waseme kitu kuhusu msimu.

"Sasa Oktoba ikifika utaangalia?"

"Nitaangalia, mum."

"Usiniletee mambo ya chumvi. Niambie tu ninunue robota moja ama mawili."