Ndani na Nje

Neno lilikuwa langu. Mama aliniambia niandike tu kwamba siku hizi tunaosha madirisha pia. Nikaona tangazo halina chumvi, nikaongeza: "ndani na nje". Mimi huandikia wateja wa mtandaoni makala za mikopo, chakula cha mbwa na viatu vya kukimbilia, kwa senti hamsini kila neno. Kwa hesabu hiyo "nje" ilikuwa ya senti hamsini. Sikuiwazia zaidi ya hapo.

Biashara ni ya Mama. Alianza kama mama fua, akigonga mlango hadi mlango pale Donholm. Baadaye akanunua mashine ya kuosha makochi na mazulia, akaita wanawake wengine watatu. Sasa kazi kubwa ni nyumba za watu wanaohama. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda mihula miwili mfululizo. Mama aliwaambia majirani niko likizo. Hiyo likizo imeingia mwaka wa nne. Kwa hivyo nilipojitolea kumshikia simu na kumwandikia matangazo, sote wawili tulijua ni deni gani nililokuwa nalipa.

Kila mteja alikuwa anauliza, "Na madirisha?" Mama alikuwa anajibu kwamba tunapanguza fremu tu. "Dirisha ni nyumba ingine," alizoea kusema. Nilidhani anaogopa kitu kipya. Nikampigia hesabu: nyumba ya vyumba viwili tunatoza 3,000, ina madirisha sita au saba, tukitoza 150 kila moja hiyo ni karibu elfu moja juu, na nauli ni ile ile. Kushawishi watu ndiyo kazi yangu, na Mama ni mtu. Akakubali.

Tulinunua vifaa River Road: mpira wa kukwangulia maji, kitambaa chake cha kupakia sabuni, na fimbo ya alumini inayorefuka. Wiki nzima nilifanyia mazoezi madirisha yetu, na lazima niseme nilipenda ile kazi kuliko nilivyotarajia. Kuna utamu kuona mpira ukishuka na kuacha njia safi nyuma yake. Nilijifunza kwamba hauoshi kioo jua likiwa limekipiga, kwa sababu sabuni inakauka kabla hujafika chini na inaacha michirizi. Nilijifunza kwamba gazeti, silaha ya Mama tangu nikiwa mdogo, linachafua fremu nyeupe kwa wino, na isitoshe siku hizi nani ana gazeti? Kingine ni maji ya borehole. Ploti nyingi Nairobi zinategemea borehole, na yale maji yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe ambayo sabuni haiyatishi. Hapo unachanganya siki na maji, unapaka, unasubiri dakika kadhaa, ndipo unasugua. Rangi na saruji zinataka wembe, lakini loweka kioo kwanza, la sivyo utakichora na utakilipa. Haya yote nilimfundisha Mama Pacha, ambaye ndani ya siku mbili alikuwa ananifundisha mimi.

Hakuna mahali kwenye hayo mafunzo nilipozungumzia urefu.

Nyumba nyingi za Eastlands tulizozoea zina grili. Tunailalamikia sana, inakwaruza mkono ukiupitisha kuosha upande wa pili, lakini huwezi kuanguka kupitia grili. Jumamosi moja mmoja wa kina mama aliugua, nikaenda badala yake. Ilikuwa Kilimani, jengo jipya, ghorofa ya sita, madirisha ya alumini ya kuteleza, bila grili. Saa tano tulikuwa tumemaliza ndani. Mpangaji, msichana wa rika langu, akaja kuangalia. Hakuwa na madharau. Alisimama kwenye dirisha la sebule, akaweka kidole kwenye kioo, akauliza, "Hii ni ndani ama nje?"

Ilikuwa nje. Matone ya saruji, na mstari wa rangi uliotiririka kutoka juu.

"Lakini mliandika ndani na nje," akasema, akanionyesha simu. Maneno yangu, na kanyota nilikokapachika pembeni.

Fimbo haikusaidia. Dirisha la aina hiyo nusu inafunguka na nusu imekaa tu, na ile iliyokaa huifikii mpaka mkono uzunguke nje. Kabla sijasema kitu Mama Pacha alikuwa amevua viatu. Akapanda stuli, akaketi kwenye ukingo wa dirisha, magoti ndani, mgongo nje. "Nishike," akasema. Nikashika leso aliyojifunga kiunoni, mikono yote miwili. Ule ukingo ulikuwa na maji ya sabuni. Tulikuwa tumetoka kuuosha sisi wenyewe. Akaegemea nyuma, akanyoosha mkono wa kulia, nikasikia mpira ukilia kwenye kioo. Chini niliona paa za magari na soja akimwagilia maua.

Akateleza. Si sana, labda upana wa kiganja. Leso ikavutika, uzito wake wote ukaja kwenye vidole vyangu, kisha mguu wake ukapata ukuta chini ya dirisha na akarudi. Akacheka. "Si ushike vizuri, kijana wa mama." Halafu akageuka tena, amalizie kipande kilichobaki.

Aliyesema imetosha ni yule mteja. Mimi sauti haikutoka. Mpaka leo hilo ndilo linaniuma, kwamba si mimi niliyesema.

Jioni nilimwambia Mama, nikiwa nimepanga kuanza polepole. Hakupiga kelele. Aliendelea kukata sukuma. "Ulipoandika nje," akauliza, "ulimwona nani huko nje?"

Sikuwa nimemwona mtu. Niliona kioo.

Usiku huo nilisoma. Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Sijawahi kumfikiria Mama kama mwajiri. Ni Mama, siku ikiisha anawatumia watu pesa zao kwa M-Pesa. Lakini kama ile leso ingekatika, watoto wawili wa Gredi ya Nne wangekuwa mlangoni kwetu, na tusingekuwa na kitu cha kuwaambia. Niliulizia pia wale vijana wa kamba, wale unaowaona wakining'inia kwenye maghorofa ya vioo Upper Hill na mishipi yao ya mwili mzima. Kampuni niliyopigia ikanijibu kwa upole kwamba wao huchukua jengo zima.

Tukabadilisha tangazo: madirisha ndani, na nje pale tu mtu anafika akiwa amesimama chini. Wiki mbili za kwanza tulipoteza kazi nne. Nilidhani Mama Pacha, angalau, atashukuru. Wapi! Kila dirisha la nje lilikuwa linampa shilingi 50 juu ya malipo ya siku, na alikuwa ashazipangia kazi.

"Mlikaa kwenu mkaamua," akamwambia Mama, mimi nikiwa hapo. "Kwenye dirisha nilikuwa mimi. Hamkuniuliza."

Mama hakujibu haraka. "Ni kweli hatukukuuliza," akasema mwishowe. "Lakini hupandi."

Nilikaa kati yao nikihisi kila mmoja ana haki, na nisijue haki mbili zinawekwa wapi kwenye chumba kimoja. Walichofanya ni kubishana bei mpaka chai ikapoa. Dirisha la ndani likapanda hadi 200, na zile 50 zote zinaenda kwa anayeosha. Bima tumeulizia. Kwa watu wanne haikuwa bei ya kutisha nilivyodhani, lakini bado hatujalipa, na siwezi kuandika hapa kwamba tumelipa.

Juzi ujumbe uliingia tukiwa kwenye matatu, mteja wa South B, anataka kila kitu, "na windows za nje pia". Mama Pacha akachungulia simu yangu.

"Ghorofa ya ngapi?"

Nikauliza. Jibu likaja: ya nne.

Akasonya, akarekebisha ndoo kati ya magoti yake. "Mwandikie ni ndani peke yake," akasema. "Na bei usishushe."