Barua kutoka Beaune: Njia ni ya Kijiji

Ndugu zangu wa Hombolo, Dodoma, na nyote mnaonisoma huko nyumbani,

Ni mwezi wa pili, na jua la huku halichomozi mpaka saa mbili kasorobo. Nimetoka kukimbia sasa hivi, raba bado zina tope, na ninaandika kabla joto la mwili halijaniisha. Barua zilizopita niliwaeleza kazi yangu ya kutunza wazee, kodi ya nyumba, na ukimya wa Jumapili. Leo nataka kuwaeleza kitu kilichonifanya niipende nchi hii ya watu: njia zake za mashambani.

Beaune ni mji mdogo wenye ngome ya kale, mashariki mwa Ufaransa, katika eneo la Bourgogne. Ukitoka nje ya ngome upande wa kusini, hatua chache tu uko katikati ya mizabibu. Hapo inaanza njia wanayoiita Voie des Vignes, Njia ya Mizabibu, inayopita Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet hadi Santenay, kilomita zaidi ya 20. Wapenzi wa mvinyo duniani kote wanayajua majina hayo kwa kuyasoma kwenye chupa. Mimi nayajua kwa miguu. Pommard nafika bado pumzi ni nzima. Volnay ni mlima, mapaja yanawaka. Meursault unaiona mapema, kwa mnara wa kanisa lake, na unadhani umefika, kumbe bado.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma akiyaona mashamba haya atasimama. Mizabibu ni mifupi, na imebanana: kati ya mstari na mstari ni kama mita 1 tu. Trekta la kawaida haliwezi kupita, kwa hiyo wana trekta la miguu mirefu linalotembea juu ya mstari, mizabibu ikipita chini ya tumbo lake. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wao mara moja, kwa sababu baridi huulaza mzabibu miezi mingi kama mti uliokufa. Ukikimbia wakati huu unaona vigogo vyeusi tu, safu kwa safu, na moshi. Moshi huo ni wa matawi yaliyopogolewa, yanayochomwa ndani ya pipa la chuma lililofungwa magurudumu kama toroli. Mpogoaji analisukuma huku akikata, na mikono ikifa ganzi anaikanza hapo hapo.

Wiki iliyopita nilisimama kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipogoa pembeni mwa njia, juu ya Volnay. Nikamwamkia, nikamwambia baba yangu naye ana mizabibu, Tanzania. Hakuamini, nikamwonyesha picha. Akaivuta karibu na macho, akatazama sana jinsi tunavyoutengeneza mti, kisha akaniita nione mkasi wake. Aliacha tawi moja refu, akahesabu kwa kidole macho yake ya kuchipua, mojamoja, na pembeni akaacha kijiti kifupi chenye macho mawili. Hicho kifupi ndicho cha mwakani, akasema. Vingine vyote vikaanguka chini. Muda si muda, akahamia mti wa pili.

Nikamwuliza kama nakosea kupita hapa kila siku, maana nilihofia nakanyaga mali ya mtu. Akanyoosha mkasi kuelekea njia, akasema: njia ni ya kijiji.

Neno lile sikuliacha lipite. Nilipofika nyumbani nilisoma, na kweli, sheria ya Ufaransa inatambua njia za vijijini zilizo mali ya serikali ya kijiji, zilizowekwa kwa matumizi ya watu wote. Kijiji hakiwezi kuiuza njia kama hiyo maadamu wananchi wanaitumia. Na hata ikiachwa kutumika, lazima kwanza watu waulizwe hadharani. Si kila kijia kiko hivyo. Vingine ni vya wenye mashamba wenyewe, na wakiweka kibao cha kukataza, unageuka. Wala sheria haikuziokoa njia zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba mengi ya Ufaransa yaliunganishwa ili trekta zipate nafasi, na njia nyingi zikalimwa. Jirani pia anaweza kuimeza njia kidogokidogo, akakaa nayo miaka 30, akaidai kuwa yake. Mwaka 2022 walitunga sheria inayozipa serikali za vijiji muda wa kuziorodhesha njia zao, na katika muda huo hesabu ya miaka 30 inasimama.

Siku za mapumziko hupanda treni hadi Nuits-Saint-Georges, nikakimbia kuelekea kaskazini. Kilomita mbili hivi ni kijiji cha Vosne-Romanée, na juu yake shamba la Romanée-Conti. Ni hekta 1.8 tu, na chupa moja ya mvinyo wake inauzwa maelfu ya euro. Nilitegemea uzio wa umeme na walinzi. Nilikuta ukuta wa mawe wa chini, msalaba wa mawe, kibao kinachowaomba wageni wasiingie shambani, na njia inayopita ubavuni kabisa. Mzabibu wa bei kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia, nami nimepita nao bega kwa bega nikiwa na jasho. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Mbele kidogo ni Clos de Vougeot, shamba la hekta kama 50 lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux zama za kati. Leo lina wamiliki wapatao 80, kwa mauzo na kwa urithi, kwani sheria ya huku nayo huwagawia watoto wote. Kugawana ardhi mpaka ikawa vipande tunakujua. Lakini huku kila aliyebaki na mistari michache anahitaji njia ya kuifikia, basi njia imelindwa na wote.

Kwa atakayekuja kukimbia huku, haya yamenisaidia. Mwezi wa tano hadi wa saba wanapulizia dawa, salfa na mrututu. Ukiona trekta linapuliza, geuka. Msimu wa kuwinda, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa pili, vaa rangi inayong'aa ukipanda msituni. Wakati wa kuvuna waachie wavunaji njia, wana vikapu na haraka. Siku ya kuvuna nayo imesogea: Beaune wana kumbukumbu za tarehe za mavuno tangu 1354, na tangu 1988 mavuno yametangulia kwa siku 13 hivi yakilinganishwa na zamani. Joto linaongezeka na mzabibu unajua.

Na maji? Vijiji vimelala, duka limefungwa, hupati hata mtu wa kumwomba kikombe. Kimbilia makaburini. Karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, na pasipo kibao cha kukataza, wakimbiaji hunywa. Mara ya kwanza niliona vibaya. Nilivua kofia, nikawasalimia waliolala, nikajaza chupa. Sasa nimezoea, ila salamu siachi.

Huko Hombolo, nilipokuwa darasa la tano, mchakamchaka wa asubuhi ulitupitisha nyuma ya mizabibu ya baba, ukashuka bondeni, ukatokea shuleni. Mwaka jana nilipokuja likizo niliamka alfajiri niikimbie njia ile. Nilikuta seng'enge. Upande wa pili msingi wa nyumba, mbele yake ukuta wa tofali, na watoto wa shule wanazunguka kwa barabara kuu yenye malori. Aliyejenga hana kosa; amenunua kiwanja kilichopimwa, na kwenye ramani njia haikuwepo. Haikuchorwa kwa sababu hakuna aliyesema ipo.

Dodoma inakua, na wapimaji watafika hata kwenye vijiji ambavyo bado havijapimwa. Wakifika, wazee wangu, msiwaonyeshe mipaka ya mashamba peke yake. Waongozeni mpaka kwenye njia ya kisimani, njia ya shule na njia ya kanisani, mwombe zichorwe, na bikoni ziwekwe pande zote mbili. Hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, na nakala ibaki kwenu.