Trekta na Mche Usiotaka Kung'oka

Mti mdogo ukikatwa kwa panga haujafa. Wenye mashamba yaliyoingiliwa na migunga au mikaratusi wanalijua jambo hilo vizuri: shina hukatwa, na kabla ya mwaka kwisha limekwisha toa machipukizi manne au matano, nayo mizizi imezidi kushika ardhi. Ndiyo maana mkulima mwenye busara huona heri kung'oa kuliko kukata, na akipata trekta ya kuazima hata kwa siku mbili, hujiona amepewa kikosi kizima.

Afande mmoja mstaafu, aliyeendesha malori ya jeshi kwa muda wa miaka 18, alirudi kwao akakuta ekari nne za urithi zimemezwa na migunga iliyomfika kifuani. Aliazima trekta ya jirani kwa malipo ya dizeli, akatafuta mnyororo, akaanza kazi. Shina la kwanza liling'oka. La pili likakatika. La tatu likagoma. Basi akaona aufunge mnyororo juu, penye chuma kilicho nyuma ya kiti, akidhani atapata nguvu ya kunyanyua. Na mwanawe wa miaka 12 alikuwa amekalia bawa la gurudumu akishangilia.

Mkewe alikuwa amefika na chungu cha uji. Hajapata kuendesha hata baiskeli, lakini macho anayo.

"Baba Watoto, gurudumu la mbele limeachana na ardhi."

"Mama, mitambo hii naijua."

"Lori unalijua. Hili silo lori. Mteremshe mtoto kwanza, ndipo tubishane."

Mtoto aliteremshwa, na injini ikazimwa. Mabishano yenyewe hayakuwa marefu, maana mama huyo alikuwa amesema kweli tupu.

Lori ni refu, na uzito wake umegawanyika mbele na nyuma. Trekta ni fupi, na sehemu kubwa ya uzito wake imelala juu ya magurudumu makubwa ya nyuma. Injini huizungusha ekseli. Mzigo ukigoma na magurudumu yakashindwa kuzunguka, nguvu ileile hurudi kuuzungusha mwili wa trekta. Pua huinuka. Mnyororo ukiwa umefungwa juu ya ekseli, mvuto wake huzidi kuiangusha trekta kinyumenyume. Ukiwa umefungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea, pua ikianza kuinuka chuma hicho hushuka, na mvuto hupungua makali. Tangu pua kuinuka mpaka trekta kumfunika dereva, hazipiti sekunde mbili. Hata askari mwepesi hawezi kuwahi klachi kwa muda huo. Kwa sababu hiyo Uswidi iliamuru tangu mwaka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Trekta nyingi kuukuu zinazoazimwa vijijini hazina fremu hiyo.

Si wakulima wadogo peke yao waliodharau mizizi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ikianzia Kongwa, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Wengi walioajiriwa walikuwa wametoka vitani. Vifaru aina ya Sherman vilivyobaki baada ya vita viligeuzwa kuwa trekta, na minyororo mizito ilikokotwa kati ya mitambo miwili ili kuangusha pori. Miti ilianguka, mizizi ilibaki ardhini ikavunja na kupinda vyuma vya kulimia. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwisha zama. Labda wangemsikiliza mzee yeyote wa Ugogo aliyekwisha lima shamba jipya kwa jembe, wangeokoa fedha nyingi.

Mche mdogo una dawa yake. Kuna koleo la chuma linalofungwa kwa mnyororo, ambalo meno yake hukaza kadiri linavyovutwa. Huuma shina karibu na ardhi, mahali lisipovunjika upesi. Kuna pia trekta zenye mikono ya mbele ya kunyanyulia, ambazo huuinua mche juu mbele ya macho ya dereva. Hizo ni nzuri, ila huhitaji uzito nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Asiye na hayo atumie mnyororo na shoka: achimbe kuzunguka shina, akate mizizi ya pembeni, kisha avute polepole kwa gia ndogo bila kushtua. Baada ya mvua ardhi huachia kwa urahisi, mradi tu isiwe tope la kutelezesha magurudumu. Kamba ya nailoni isitumike hata kidogo, kwa kuwa hurefuka kama mpira, na ikikatika hurudi na kulabu yake kwa kasi ya kuua. Watoto wakae mbali, umbali unaozidi sana urefu wa mnyororo. Shina linalogoma mara mbili liachwe lingoje shoka na kesho.

Jioni mashimo hufukiwa, kabla ng'ombe hajavunjika mguu humo. Mizizi ikung'utwe udongo na kuanikwa. Mzizi wa mgunga ukikauka ni kuni njema, nazo humpumzisha mama safari kadhaa za kwenda porini.