Usikate Mkia wa Nduthi Yako

Wasee, tangu wiki jana mnaniomba video moja tu: jinsi ya kung'oa taa ya nyuma ya nduthi, unakata ule mkia wa plastiki, halafu indiketa ndizo zinawaka ukishika breki. Najua hiyo video ingetazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Sitaifanya.

Kwanza nikubali: Boxer iliyokatwa mkia inapendeza. Siwezi kumkemea kijana kwa sababu ya mtindo. Na chuo niliacha, kwa hivyo sileti uinjinia hapa. Naleta tu kile fundi yeyote wa Nangina atakuonyesha akifungua waya.

Balbu ya nyuma ya nduthi nyingi ina nyuzi mbili. Moja ya wati 5 inawaka usiku wote, kusema "niko hapa." Nyingine ya wati 21 inawaka ukishika breki, kusema "nasimama." Ukiing'oa ubaki na indiketa, ile "niko hapa" imeisha. Giza likiingia ukitoka Funyula kuelekea Sio Port, wewe ni kivuli mpaka ushike breki.

Na hata ukishika, balbu ya indiketa kwa kawaida ni wati 10 tu, tena ya rangi ya machungwa. Macho ya dereva yamezoea: nyekundu ni kusimama, machungwa ni kupinda. Mbaya zaidi, fundi akiunganisha waya wa breki moja kwa moja na pande zote mbili bila daiodi, ukiwasha kushoto, kulia nako kunawaka. Sasa uko Malaba, nyuma yako kuna lori la kwenda Kampala. Dereva anaona machungwa mawili. Unapinda? Unasimama? Atajua akishakufikia.

Kuna mtu ataniambia, "Mbona Marekani magari mengi taa ya breki ndiyo hiyo hiyo ya kupinda?" Ni kweli. Lakini ni nyekundu, taa ya usiku imebaki pale pale, na tangu magari ya modeli ya 1986 wakaongeza taa ya tatu ya breki juu katikati. Wao waliongeza, sisi tunang'oa.

Ukitaka mkia mfupi, sawa. Tafuta taa ndogo ya LED nyekundu yenye kazi zote mbili, ya usiku na ya breki, uifunge chini ya kiti. Indiketa ziache zipinde. Hiyo video nitafanya hata kesho.

Hii kazi ilianzia hapa kwetu mpakani. Jina lenyewe boda boda limetoka kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda miaka ya 1960. Kutoka siku hizo hadi leo, kitu kimoja hakijabadilika: abiria anakaa nyuma. Mama anayetoka sokoni, mtoto wa shule, mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lori likikosa kukuona, linaanza na yeye.